Nyumba ya Minneapolis Haichaguliwi Julai

Ukifika Minneapolis mwezi wa Julai, utadanganyika. Mchana joto ni nyuzi 28, watu wanaendesha baiskeli kandokando ya ziwa Bde Maka Ska na kaptula zao, jua linazama saa tatu usiku, na kila nyumba unayoonyeshwa inapendeza: madirisha makubwa, mti wa kivuli mlangoni, kituo cha basi "hapo tu". Utatia sahihi mkataba wa miezi 12 huku unatabasamu. Mimi nilitia.

Ile "hapo tu" ilikuwa mwendo wa dakika 14. Januari ilipofika, nikawa natoka saa kumi na moja alfajiri kwenda zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, dakika 14 zikawa 25, kwa sababu njia ya miguu ilikuwa imeganda na nusu ya majirani hawakuzoa theluji mbele ya nyumba zao. Pumzi iliganda kwenye skafu, kope zikanatana. Na huko nyumbani, yale madirisha makubwa niliyoyasifu yalikuwa na barafu kwa ndani. Kwa ndani, msomaji. Bili ya umeme ya mwezi ule nilidhani wamekosea tarakimu.

Kwa hiyo nina neno moja tu la kukuambia, mengine yote ni maelezo yake: huku nyumba inaangaliwa kwa macho ya Februari. Uzuri wake, bei yake na umbali wake vipime kana kwamba theluji imefika magotini na wewe umetoka kazini hoi. Nayaandika haya kwa ajili ya anayehamia Minneapolis, au St. Paul ng'ambo ya mto Mississippi, au vitongoji vinavyoizunguka miji hiyo pacha, awe anatoka Kisii, Mwanza au Bukavu, au anatoka Dallas ambako amekwisha izoea Marekani lakini hajaonja baridi. Huyo wa Dallas ndiye ninayemhofia zaidi, maana anadhani anajua.

Baridi yenyewe

Usiku wa kawaida wa Januari hapa hushuka hadi karibu nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri. Hiyo ni kawaida, si maajabu. Maajabu yalikuwa tarehe 30 Januari 2019, kipimo kilipofika nyuzi 33 chini ya sifuri, na Posta ya Marekani ikaacha kupeleka barua Minnesota siku hiyo. Baridi ya namna hiyo ikichanganyika na upepo, ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya dakika kumi. Theluji nayo, kwa wastani wa miaka mingi, ni kama sentimita 130 kwa msimu, lakini haifuati kalenda ya mtu. Mwaka 1991 ilianza kuanguka tarehe 31 Oktoba, ikaendelea hadi tarehe 3 Novemba, ikafika sentimita 72.

Wenyeji wanapima kwa Farenhaiti. Maji huganda kwenye 32, si kwenye sifuri, kwa hiyo ukisikia redio inasema kesho ni ishirini, usitoe fulana.

Nani analipa joto?

Hili ndilo swali la kwanza, hata kabla ya kuuliza kodi. Tuseme fleti moja ni dola 1,100 kwa mwezi na nyingine dola 1,250. Usikimbilie ya kwanza. Uliza joto liko wapi: liko ndani ya kodi, au utalilipa mwenyewe? Na kama ni mwenyewe, linatoka kwenye nini?

Majengo mengi ya zamani ya matofali, yale ya orofa tatu au nne unayoyaona kusini mwa Minneapolis na kwenye mitaa ya zamani ya St. Paul, hupashwa joto na boila moja iliyo chini ya jengo. Maji ya moto au mvuke hupanda kwa mabomba hadi kwenye radieta, zile mbavu za chuma zilizosimama chini ya dirisha. Mara nyingi bili yake ni ya mwenye nyumba. Ubaya wake ni kwamba hulitawali: utakuta watu wamefungua dirisha katikati ya Januari kwa sababu chumba kimekuwa Mombasa mwezi wa Machi. Lakini bili hiyo si yako, na juu ya radieta glavu na soksi hukauka usiku mmoja. Watu wakizicheka radieta kuwa ni vyuma vya kale, mimi hunyamaza.

Fleti nyingine zina hita za umeme, vipande virefu vya bati vilivyofungwa chini ya ukuta. Ndizo nilizokuwa nazo mimi. Kupasha nyumba joto kwa hita za aina hiyo hapa ni ghali kuliko kwa gesi, na kama dirisha ni la kioo kimoja, unalipa kupasha joto mtaa mzima. Nyumba za kupanga nzima, na zile zilizogawanywa familia moja juu na nyingine chini, kwa kawaida zina tanuru la gesi linalosukuma hewa ya moto kupitia matundu ya sakafuni. Minneapolis gesi ni ya CenterPoint Energy na umeme ni wa Xcel Energy, St. Paul vyote viwili ni Xcel. Ukikodi nyumba ya namna hii, fungua akaunti kabla ya kuhamia, na kumbuka kubadilisha kichujio cha hewa cha tanuru, kwa sababu kikiziba vumbi tanuru hufanya kazi mara mbili kwa joto la nusu.

Mwombe mwenye nyumba, au mpangaji anayetoka, akuonyeshe bili ya Januari iliyopita. Siyo ya Mei. Akisema hana, akisema "siyo kubwa", akisema inategemea, jibu umekwisha lipata. Kwa msimu wa kwanza, fleti yenye kodi iliyo juu kidogo lakini joto limo ndani, mimi ningeichukua bila kusita. Mgeni hajui bado kuishi na kidhibiti joto, na watoto waliotoka nchi ya jua watakipandisha kila ukitoka.

Sheria iko upande wako kwa kiasi. Jimbo la Minnesota linamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto la angalau nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 30 Aprili. Chumba chako kikiwa chini ya hapo na mwenye nyumba hapokei simu, Minneapolis unapiga 311 na mkaguzi wa jiji anaweza kutumwa. Kwa tarehe hizo hizo kuna pia kanuni ya jimbo inayolinda nyumba isikatiwe huduma ya kupasha joto kwa deni. Hapa ndipo watu wetu wengi huteleza: wanadhani ulinzi huo unakuja wenyewe. Hauji. Lazima upige simu kwa kampuni, ukubaliane nayo mpango wa kulipa kidogokidogo, na uutimize. Anayekaa kimya akidhani kwamba majira ya baridi hakatwi mtu, hukatwa.

Ukienda kuitazama nyumba

Nenda ukiwa umevua glavu. Weka kiganja kwenye kioo, kisha pembeni mwa fremu, kisha chini ya mlango. Hewa ikipita utaisikia. Tafuta madirisha ya vioo viwili, au angalau yenye dirisha la pili la nje la kipindi cha baridi. Kuna plastiki nyembamba inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, unaibandika ndani ya fremu na kuivuta kwa hewa moto ya mashine ya kukaushia nywele. Inasaidia kweli, lakini nyumba inayohitaji plastiki kwenye kila dirisha inakuambia jambo.

Toka nje uangalie paa. Vipande virefu vya barafu vinavyoning'inia ukingoni vinapendeza kwenye picha utakayotuma nyumbani, lakini mara nyingi maana yake ni kwamba joto linavuja darini, linayeyusha theluji, maji yanateremka hadi ukingoni yanaganda tena. Yakizidi, hurudi ndani kupitia chini ya vigae na kushuka ukutani. Tazama dari kwenye pembe za vyumba kama kuna alama za rangi ya chai. Fungua kabati la chini ya sinki: bomba likipita kwenye ukuta wa nje bila kufunikwa, litaganda siku moja, na bomba lililoganda hupasuka.

Halafu besimenti. Mgeni asiye na fedha nyingi huonyeshwa chumba cha chini ya ardhi kabla ya kingine chochote, na kweli kuna besimenti nzuri: ardhi huzuia upepo na kodi huwa nafuu. Lakini usilale kwenye chumba ambacho dirisha lake huwezi kulifungua na kupenya ukatoka. Chumba cha kulala cha chini kinatakiwa kiwe na dirisha la kutorokea moto, na kama hakina, huyo anayekukodisha anakukodishia stoo. Uliza pia gesi ya radoni, ile isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini na kusababisha saratani ya mapafu. Idara ya Afya ya Minnesota inasema nyumba mbili kati ya tano jimboni humu zina kiwango chake cha hatari. Kipimo chake ni cha bei ndogo. Na hakikisha king'ora cha gesi ya kaboni monoksidi kipo ndani ya futi 10, kama mita tatu hivi, kutoka kila chumba cha kulala. Ndiyo sheria ya jimbo. Tusiwe watu wa kuwasha jiko la mkaa ndani. Nimeona mtu akijaribu.

Jua linapita kusini

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tunajenga nyumba kulikimbia jua: baraza, mwembe, pazia zito. Huku geuza kichwa. Minneapolis iko karibu nyuzi 45 kaskazini, na majira ya baridi jua halipandi juu ya kichwa. Linajikokota upande wa kusini, chini chini, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Desemba linachomoza ikikaribia saa mbili asubuhi na saa kumi na nusu jioni limekwisha zama. Ukifanya zamu ya asubuhi katika jengo lisilo na madirisha, unaweza kumaliza wiki nzima hujaliona.

Kwa hiyo kati ya fleti mbili za jengo moja, kwa kodi ile ile, chukua inayotazama kusini. Saa sita mchana jua lile la chini huingia hadi katikati ya sebule, linapasha joto bure, na linakupa sababu ya kuamka. Hata kumbi za Mall of America kule Bloomington, duka kubwa lililofunguliwa mwaka 1992, hazina mfumo mkuu wa kupasha joto; hutegemea jua linalopenya paa la kioo, taa, na miili ya watu wanaotembea. Dirisha la kaskazini litakupa mwanga wa kijivu hadi Machi. Wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, basi mwulize daktari wako mapema, usisubiri uanze kulala saa 14 kwa siku na kusema ni uchovu.

Jikoni nitapita haraka, ila usipuuze feni ya kutoa moshi. Majira ya baridi huwezi kufungua dirisha kila ukikaanga samaki au ukichoma chapati, king'ora cha moshi kitalia na jengo zima litatoka nje na nguo za kulalia kwenye baridi. Sufuria ya maharage ikichemka kwa muda wa saa tatu hutia mvuke kwenye kioo, mvuke ukaganda, ukayeyuka, ukazaa kuvu. Na mashine za kufulia ziwe ndani ya jengo. Kubeba kapu la nguo mbichi barabarani Januari ni adhabu.

Gari na uchaguzi wa mtaa

Wengi wanadhani ukiwa na gari shida ya theluji imekwisha. Gari linahitaji mahali pa kulala, na hapo nyumba nyingi za bei nafuu zinaanguka mtihani.

Theluji nyingi ikianguka, Jiji la Minneapolis hutangaza dharura ya theluji, na kuanzia hapo kuegesha mtaani kuna ratiba ya siku tatu. Usiku wa kwanza, saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, hairuhusiwi kuegesha upande wowote wa njia kuu zilizotengwa kwa dharura hiyo. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kwenye mitaa mingine unaacha wazi upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, saa zile zile, upande wa namba witiri. St. Paul ina utaratibu wake mwingine, unaofuata vibao vya mtaani. Usipohamisha gari utapigwa faini, litakokotwa hadi kwenye uwanja wa jiji, na utalipa kulitoa.

Sasa jiweke katika hali ya mtu wetu wa kawaida. Anafanya zamu ya usiku, saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, wengine wanaunganisha na zamu ya pili, wenyewe wanaita dabo. Anafika nyumbani saa moja na nusu, anaegesha palipo na nafasi, analala kama gogo. Saa mbili ratiba ya siku ya pili inaanza. Akiamka saa tisa alasiri, gari halipo. Kwa mtu wa zamu ya usiku, nafasi ya kuegesha iliyo ndani ya uwanja wa jengo si anasa. Ongeza dola unazoombwa, ilipie, kisha ulale.

Gereji iliyo chini ya jengo na yenye joto ni raha tupu: gari linawaka, vioo havina barafu. Gereji ya mbao iliyojitenga nyuma ya nyumba haina joto lakini inazuia theluji na upepo. Uwanja wa wazi unatosha ukijua kazi yake: kila alfajiri utatoa dakika 15 za kufagia gari na kukwangua kioo, na betri kuukuu itakuaibisha asubuhi ya kwanza kali, maana baridi huipunguzia nguvu wakati ule ule mafuta ya injini yameganda mazito. Uliza nani anaondoa theluji kwenye uwanja, na kwa saa ngapi.

Uliza pia nani anazoa njia ya miguu. Minneapolis mwenye nyumba ya familia moja au mbili ana saa 24 baada ya theluji kukoma. Majengo ya fleti yana saa nne za mchana. Ukikodi nyumba nzima, baadhi ya mikataba hukutupia kazi hiyo. Sheria ya jimbo inataka jambo kama hilo liandikwe waziwazi na mpangaji apate fidia ya kutosha, mfano kupunguziwa kodi. Ukikubali, omba na beleshi.

Asiye na gari

Huyu ndiye niliyekuwa, na ushauri wangu kwake ni mkali: chora duara la dakika tano kwa miguu kuzunguka kituo cha treni au cha basi la haraka, na usitoke nje ya duara hilo hata kama fleti ya nje ina bwawa la kuogelea. Treni ya Blue Line, iliyoanza mwaka 2004, inatoka katikati ya Minneapolis kupitia uwanja wa ndege hadi Mall of America. Green Line ya mwaka 2014 inaunganisha katikati ya Minneapolis na katikati ya St. Paul kupitia Chuo Kikuu cha Minnesota na University Avenue. Mabasi ya haraka ya C Line, tangu mwaka 2019, na D Line, tangu mwaka 2022, yanafika kituo kikuu cha Brooklyn Center upande wa kaskazini. Vituo vya njia hizi vina vibanda vyenye hita unayoiwasha kwa kitufe. Kibanda cha aina hiyo, Februari, kinazidi sebule ya watu wengi. Treni hazitembei usiku kucha, basi kabla ya kutia sahihi linganisha ratiba na zamu yako, na uangalie ratiba ya Jumapili, si ya Jumatano.

Kuna watakaokushauri ukae katikati ya mji, kwa sababu ya zile njia za juu zilizofunikwa kwa kioo zinazounganisha majengo. Kweli ni ajabu: ya kwanza ilijengwa mwaka 1962, na sasa zina urefu wa kama kilomita 15, mtu anaweza kutoka ofisini hadi benki hadi mkahawani bila koti. Lakini kodi za huko ni za juu, na njia hizo hufungwa usiku. Zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Sisi wa zamu tutazikuta zimefungwa.

Watu wetu wako wapi

Hapa moyo unavuta. Wakenya wengi wamejikusanya Brooklyn Park na Brooklyn Center, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, pamoja na Waliberia. Kuna makanisa ya Kiswahili na Kigusii, maduka ya unga na majani ya chai, harambee za misiba na za harusi. Mwaka 2024 wapiga kura wa eneo hilo walimpeleka Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kwenye Bunge la jimbo. Ukiwa na watoto, na gari, na beleshi, sidhani utapata pa kufaa zaidi: nyumba zina uwanja, gereji, na jirani atakayemchukua mwanao shuleni zamu ikikubana.

Bila gari, subiri. Vitongoji vile vimejengwa kwa ajili ya gari. Kutoka fleti hadi duka ni barabara pana, upepo hauna kizuizi, na njia ya miguu mara huisha ghafla kwenye tuta la theluji lililosukumwa na magari ya jiji. Nimewaona mabinti waliofika karibuni wakisimama kwenye tuta lile wakingoja ndugu awapitie, na ndugu naye ana zamu. Kaa karibu na C Line au D Line, Jumapili nenda Brooklyn Park ukale na watu, jioni urudi. Kati ya hayo mawili kuna Brooklyn Center yenyewe, kwenye mitaa iliyo karibu na kituo kikuu cha mabasi, ambako unapata watu na basi pamoja.

Kwa Mwislamu, au kwa yeyote anayetaka nyama ya halali na sambusa kwa miguu, kuna Cedar-Riverside, penye yale maghorofa ya Riverside Plaza yenye vibao vya rangi rangi, ya tangu mwaka 1973. Wasomali ndio wenyeji wa mtaa huo, na usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili safi. Wengi wamekulia Nairobi, Mombasa au kambi za Dadaab na Kakuma. Treni zote mbili zinapita hapo. Kwa asiye na gari ni mahali pa maana kuliko sifa zake za mdomoni.

Na kama una ndugu atakayekupokea, hata kwa kulalia kochi, usimkatae kwa kuona haya. Mama mmoja aliyetutangulia miaka mingi aliniambia, "Mwanangu, kula baridi ya mwaka mmoja kwa watu, ndipo uchague yako." Sikumsikiliza. Kuwinda nyumba Januari na Februari kuna faida mbili: kila kasoro iko wazi mbele yako, na wenye nyumba, ambao wengi hupata wapangaji wao majira ya joto, wanakuwa tayari kuzungumza bei.

Kalamu kabla ya karatasi

Minneapolis amana haitakiwi kuzidi kodi ya mwezi mmoja. St. Paul wapiga kura walipitisha mwaka 2021 kwamba kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, ingawa baraza la jiji baadaye liliyaondoa majengo mapya katika kanuni hiyo, kwa hiyo uliza jengo lilijengwa lini. Kotekote Minnesota, ada zote zisizo za hiari zinapaswa kuonekana kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba: zisome, maana ndiko maegesho, takataka na maji hujificha. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila dirisha, kila doa. Ukitoka, mwenye nyumba ana wiki tatu za kurudisha amana au kukuandikia sababu ya kuikata.

Usitume hata dola moja kwa nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hajaingia ndani. Anayedai yuko safarini na funguo atakutumia kwa posta ni tapeli, hata kama picha ni nzuri na anamtaja Mungu.

Mimi sasa nakaa dakika tatu kutoka kituo cha C Line, orofa ya pili, kwenye jengo la matofali lenye radieta, na dirisha la sebule linatazama kusini. Jiko ni dogo mno, chapati nasukumia kwenye meza ya kulia, na sihami.